Kupima Mtiririko wa Magari kwa Kumbukumbu za Mabasi

Basi lenye kifaa cha setilaiti huacha kumbukumbu ya safari yake: mahali lilipo, saa na mwendo, kila baada ya sekunde kadhaa, tangu linapotoka stendi hadi linaposhusha abiria wa mwisho. Kumbukumbu hizo zikikusanywa kwa wiki kadhaa na kupangwa kwa uangalifu, huonyesha wapi barabara inapitika, wapi inakwama na saa ngapi inakwama, bila mtu kufukia waya chini ya lami wala kufunga kamera juu ya nguzo. Kwa halmashauri ambayo fedha zake za barabara huishia kwenye kifusi na makalavati, hii ni njia nafuu ya kujua hali ya barabara za eneo lake.

Tanzania kumbukumbu za aina hii tayari zipo. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa Sheria Na. 3 ya 2019 na kurithi kazi za nchi kavu za mamlaka iliyoitangulia, SUMATRA, huendesha mfumo wa kufuatilia mwenendo wa magari ambao madereva na makondakta wanauita VTS tu. Mabasi ya masafa marefu, yakiwemo yanayotoka Mwanza kupitia Bunda na Daraja la Kirumi kwenye Mto Mara hadi Tarime na Sirari, hubeba kifaa hicho. Lengo lake ni usalama, hasa kumbaini dereva anayezidisha mwendo. Lakini nukta ileile, yaani rekodi moja ya mahali, saa na mwendo, inayomshtaki dereva kwa kukimbia inaweza pia kuishtaki barabara kwa kumchelewesha, na matumizi haya ya pili ndiyo yanayoelezwa hapa.

Hali ni tofauti kwa Hiace, Noah na magari madogo yaitwayo michomoko yanayobeba watu kati ya mji wa Tarime, Nyamwaga, Nyamongo na vijiji vya Nyanungu. Huko mpimaji hana mfumo wa serikali wa kutegemea. Simu janja ya kawaida iliyowekwa programu ya bure ya kurekodi njia, kama OsmAnd, inatosha, mradi mwenye gari ameridhia na chaji inatosha siku nzima.

Kinachopimwa na kisichopimwa

Basi hupima muda wa kupita. Halihesabu magari. Hili ndilo jambo linalowapotosha wengi wanaoanza, kwa hiyo linastahili mfano wa tarakimu.

Idadi ya magari yanayopita mbele ya mtu kwa saa moja ni sawa na idadi ya magari yaliyomo katika kila kilometa ya barabara, ikizidishwa kwa mwendo wake. Barabara yenye magari 15 kwa kilometa, yakienda kilometa 40 kwa saa, hupitisha magari 600 kwa saa. Siku nyingine barabara hiyohiyo, ikiwa na magari 60 kwa kilometa yakijikokota kilometa 10 kwa saa, nayo hupitisha magari 600. Mtu anayehesabu kando ya barabara atapata jibu moja siku zote mbili, ilhali siku ya kwanza njia ni nyeupe na siku ya pili ni foleni ya kuchosha. Mhandisi wa Marekani Bruce Greenshields, aliyepiga picha za magari katika barabara za Ohio na kuchapisha matokeo yake mwaka 1935, ndiye aliyeweka wazi uhusiano huu: kadiri magari yanavyosongamana, ndivyo mwendo unavyoshuka, na wingi wa magari yanayopita hupanda hadi kilele kisha huanguka.

Kumbukumbu za basi hutoa sehemu ya mwendo. Sehemu ya wingi hutafutwa kwa kuhesabu. Mtu mmoja mwenye daftari, akikaa kando ya barabara kwa dakika 15 katika kila saa inayochunguzwa, anaweza kuikamilisha kazi hiyo kwa gharama ya posho ya siku. Malori, mabasi, magari madogo, bajaji na pikipiki ziandikwe kila moja kwenye safu yake. Tarime, kuacha kuhesabu bodaboda ni kuacha sehemu kubwa ya watu walioko barabarani.

Kurekodi safari

Uamuzi wa kwanza ni muda kati ya nukta na nukta. Basi linalokwenda kilometa 60 kwa saa husogea mita 500 katika sekunde 30. Likienda kilometa 20 kwa saa, husogea mita 167. Kwenye barabara kuu pengo la sekunde 30 linavumilika. Mjini lisizidi sekunde 10. Pengo la dakika nzima halifai mjini hata kidogo, kwa sababu gari linaweza kusimama, kupakia na kuondoka bila kusimama huko kuonekana popote.

Kukosekana kwa mtandao wa simu si sababu ya kukosa data. Kifaa husoma setilaiti moja kwa moja. Mtandao unahitajika kwa kutuma tu. Kifaa kizuri huhifadhi nukta kinapopita bonde lisilo na minara na kuzituma kwa mkupuo mtandao unaporudi. Pale Sirari kuna jambo jingine: karibu na mpaka simu hunasa minara ya Kenya, na laini isiyoruhusiwa kutumia mtandao wa ng'ambo hunyamaza kabisa. Kwa sababu hizo nukta zipangwe kwa saa ya kurekodiwa, wala si kwa saa ya kupokelewa. Zikipangwa kwa saa ya kupokelewa, basi litaonekana limesimama nusu saa kisha likaruka kilometa 20 kwa kufumba na kufumbua.

Saa yenyewe nayo ina mtego. Vifaa vingi huandika saa ya dunia, UTC, iliyo nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Nukta iliyoandikwa 04:10 ni ya 07:10 kwenye simu ya dereva, yaani saa 1:10 asubuhi kwa usemi wa abiria. Asiyerekebisha ataripoti foleni ya alfajiri ambayo haikuwapo. Inafaa kompyuta itumie saa 24, na maelezo ya wasomaji yaandikwe kwa saa wanazozitumia.

Kutoka nukta hadi mwendo

Wakazi wa Mkoa wa Mara, ilimo Tarime, wana nafuu ambayo mpimaji wa London hana. Nyuzi moja ya latitudo ni takriban kilometa 111 popote duniani, lakini nyuzi ya longitudo hupungua kadiri mtu anavyosogea mbali na Ikweta. Huko London imebaki karibu kilometa 69. Tarime iko kama nyuzi 1.3 tu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo pande zote mbili huhesabiwa kwa kilometa 111 bila kosa la kutisha. Ikiwa kati ya nukta mbili latitudo imebadilika kwa 0.0030 na longitudo kwa 0.0040, kanuni ya Pythagoras hutoa 0.0050, ambayo ni mita 555. Kama sekunde zilizopita ni 40, mwendo ni takriban kilometa 50 kwa saa. Hesabu hiyo hufanyika kwenye Excel, na hata kwenye karatasi.

Umbali huo ni wa mstari ulionyooka. Barabara inayozunguka vilima ni ndefu kuliko mstari huo, na pengo la nukta likiwa kubwa tofauti huongezeka. Dawa yake ni kuilaza kila nukta juu ya mstari wa barabara uliochorwa kwenye ramani huria ya OpenStreetMap, kisha kupima umbali kwa kufuata mstari huo. Programu ya bure ya QGIS inaweza kazi hiyo. Pale ambapo barabara haijachorwa, mpimaji aichore kwanza kwa nyayo za safari zake mwenyewe. Kazi hiyo itamfaa na mwingine.

Baada ya hapo barabara hukatwa vipande. Mipaka ya vipande iwe vitu visivyohama: daraja, makutano, lango la stendi, kibao cha kijiji. Kwa kila safari hutafutwa saa ya kuingia na saa ya kutoka katika kila kipande. Nukta haiangukii mpakani kamili mara nyingi, kwa hiyo saa hukadiriwa. Nukta moja ikiwa mita 100 kabla ya mpaka saa 07:10:00, na inayofuata ikiwa mita 200 baada yake saa 07:10:30, basi limevuka mpaka saa 07:10:10.

Wastani wa mwendo hukosewa hata na watu waliosoma. Safari mbili katika kipande cha kilometa 6, moja kwa kilometa 30 kwa saa na nyingine kwa kilometa 60, hazina wastani wa 45. Ya kwanza ilitumia dakika 12, ya pili dakika 6. Kilometa 12 kwa dakika 18 ni kilometa 40 kwa saa. Kanuni ni kujumlisha umbali wote na kugawa kwa muda wote.

Kwa nini basi limesimama

Hapa ndipo kazi nzima inapolala. Basi si gari dogo. Husimama kwa sababu zake. Linapakia, linashusha, linasubiri kujaa, kondakta anafunga mzigo juu, askari wa trafiki anakagua leseni, ng'ombe wanavuka, tairi limepata pancha. Kati ya hayo yote hakuna hata moja lililo foleni, na kifaa hakiwezi kuyatofautisha. Kwenye jedwali yote huandikwa sifuri.

Njia ya kwanza ya kuyatenga ni kuchora duara la mita 50 kuzunguka kila kituo kinachojulikana, na kuhesabu kando muda wote ambao gari lilikaa humo chini ya kilometa 5 kwa saa. Kiwango hicho hakiwekwi sifuri kamili kwa sababu nukta za setilaiti hutikisika. Simu nzuri chini ya mbingu wazi hukosea kama mita 5, na basi lililozimwa injini stendi huonekana linatangatanga. Tuchukue kipande cha kilometa 6 ambacho basi limekipita kwa dakika 14, dakika 3 kati yake zikiwa za vituoni. Mwendo wa abiria ni kilometa 25.7 kwa saa, kwa maana yeye amekaa kitini dakika zote 14. Mwendo wa barabara ni kilometa 32.7, kwa kugawa kilometa 6 kwa dakika 11. Tarakimu zote mbili ni za kweli na zote zitolewe. Anayepanga ratiba za mabasi anahitaji ya kwanza, anayepanga upanuzi wa barabara anahitaji ya pili, na kuzichanganya ni kudanganya mmoja wao.

Duara la kituo linafaa pale penye vituo. Noah inayokwenda vijijini husimama popote anapopunga mkono mama mwenye ndoo ya ndizi. Kwa magari ya namna hiyo mtu lazima apande. Mpimaji hukaa kiti cha mbele au karibu na mlango, simu ikirekodi, na kwenye daftari anaandika kila kusimama kwa herufi moja: A kwa abiria, M kwa mzigo, T kwa trafiki, N kwa ng'ombe, K kwa tuta au kona mbaya, F kwa foleni, pamoja na saa na dakika. Safari chache za namna hii hufundisha kusoma safari mamia zilizorekodiwa bila mtu ndani. Polepole umbo la kila sababu hujitambulisha: kupakia ni kusimama mara moja na kuondoka, foleni ni kusogea, kusimama, kusogea tena, katika urefu wa mita mia kadhaa, tuta ni kushuka na kupanda kwa mwendo mahali palepale katika kila safari, usiku na mchana.

Kigezo kingine chenye nguvu ni wenzake. Gari moja likisimama na mengine yakipita palepale dakika hiyohiyo, tatizo ni la gari hilo. Yote yakipunguza, tatizo ni la barabara.

Kulinganisha basi na lenyewe

Mwendo wa kilometa 30 kwa saa hauna maana mpaka ujulikane unalinganishwa na nini. Mteremko, kona, mashimo na uzito wa gari vyote vimo ndani yake. Sheria nayo imo: mabasi ya abiria yana ukomo wa kilometa 80 kwa saa, na kwenye makazi ukomo ni 50. Basi lenye VTS likipunguza kijijini linatii sheria, na kuita hilo msongamano ni kumwonea dereva mwema. Vilevile kwenye barabara tupu basi haliwezi kueleza mwendo wa gari dogo, kwa kuwa limefungwa na ukomo wake. Anayetaka mwendo wa magari madogo aendeshe gari dogo safari kadhaa katika saa zilezile za basi, na kutafuta uwiano wa nyakati zao katika kila kipande.

Kipimo cha haki ni basi lilelile, katika kipande kilekile, saa ambayo barabara iko wazi. Safari za alfajiri hufaa sana. Tangu mwaka 2023, serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku, barabara kuu zina nukta za usiku wa manane ambazo zamani hazikuwapo, na hizo ndizo rejea bora kuliko zote. Kipande kinachochukua dakika 8 alfajiri na dakika 13 saa 2 asubuhi kina ucheleweshaji wa dakika 5, na tarakimu hiyo haina mteremko wala kona ndani yake, kwa sababu vimo pande zote mbili.

Safari ngapi zinatosha? Ikiwa nyakati za kipande hutawanyika kwa asilimia 20 kuzunguka wastani, safari 16 hivi za saa ileile hutoa wastani unaoaminika ndani ya asilimia 10. Safari hizo zinaweza kutoka wiki tofauti, mradi Jumatatu ilinganishwe na Jumatatu. Siku ya mnada iwe na jedwali lake, vivyo hivyo siku za mvua za masika kwenye barabara ya vumbi. Kuzichanganya na siku za kawaida huzaa wastani usioeleza siku yoyote. Badala ya wastani pekee, hutolewa pia muda wa safari ya katikati, yaani ile ambayo nusu ya safari ni fupi kuliko yenyewe na nusu ni ndefu, na muda ambao safari 9 kati ya 10 hukamilika ndani yake. Mgonjwa anayewahi hospitali mjini hujali huo wa mwisho.

Uchache wa magari yanayopimwa usimtishe mtu. Tarehe 8 Februari 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na Nokia, waliweka simu katika magari 100 na kuyazungusha kwenye barabara kuu ya I-880. Magari hayo yalikuwa sehemu ndogo sana ya yote yaliyokuwapo, lakini foleni zilionekana waziwazi.

Mafunzo ya miji mikubwa

Dar es Salaam ina onyo lake. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi Mei 2016 kati ya Kimara, Kivukoni, Morocco na Gerezani, hupita kwenye njia yao wenyewe. Kumbukumbu zao hupima njia hiyo, si foleni ya Barabara ya Morogoro iliyo pembeni yao. Anayetaka foleni hiyo apime daladala. Hata hivyo mwendokasi hufundisha jambo moja: Mto Msimbazi unapofurika Jangwani na huduma kusitishwa, nukta hupotea katika kipande hicho. Kipande kilichokosa nukta kiandikwe wazi kwamba hakikupitika. Kikiachwa tupu, ramani hukichora kama chenye amani.

Nairobi ilionyesha pa kuanzia pale ambapo hakuna mfumo rasmi. Mradi wa Digital Matatus, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Nairobi, MIT, Columbia na kampuni ya Groupshot, uliwapandisha wanafunzi kwenye matatu wakiwa na simu, na mwaka 2014 ukatoa ramani ya njia zaidi ya 130 za usafiri ambao kabla yake ulikuwa vichwani mwa madereva na abiria. Walianza na njia na vituo. Huo ndio mpangilio sahihi, kwa kuwa mwendo usio na njia iliyochorwa hauna pa kuwekwa.

Kuonyesha matokeo na kuyakabidhi

Mchoro unaoeleweka haraka kuliko yote ni ule ambao mafundi wa reli Ulaya waliutumia tangu karne ya 19: saa huwekwa mlalo, umbali huwekwa wima, na kila safari huwa mstari mmoja. Mstari uliosimama ni mwendo mkubwa, uliolala ni basi lililokwama. Mistari mingi ikilala kwa pamoja kwenye urefu mmoja wa mchoro, hapo ndipo pa kwenda kuangalia kwa macho. Kuangalia huko kusirukwe. Data husema mahali na saa; sababu hupatikana kwa kusimama pale, iwe ni lori la mizigo linalogeuza, soko lililomwagika barabarani au kituo kilichowekwa mdomoni mwa makutano.

Kumbukumbu za basi ni kumbukumbu za dereva pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu taarifa za namna hii zinapoweza kumtambulisha mtu. Namba za gari na majina ya madereva viondolewe kabla jedwali halijatoka mikononi mwa mpimaji, na dakika chache za mwanzo na mwisho wa siku zikatwe, kwa sababu huonyesha dereva analala wapi. Kumbukumbu hizi zisitumike kumwadhibu dereva. Mara madereva watakapojua kwamba simu ya mpimaji ni ya kuwashtaki, itazimwa, na haki itakuwa yao.

Ripoti ipelekwe kwa mwenye barabara. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya Wakala wa Barabara, TANROADS. Za wilaya, mitaa na vijiji ziko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, iliyoanza kazi Julai 2017. Iambatane na ramani ya vipande, dakika zilizopotea kwa kila kipande na kila saa, pamoja na sababu zilizoonekana kwa macho. Barabara ikirekebishwa, vipande vilevile vipimwe tena, kwa saa zilezile na siku zilezile za wiki. Bila kipimo hicho cha pili hakuna anayeweza kusema kama kituo kilichohamishwa kilimsaidia abiria au la.